Severa wa Kwenye Bango

Kila asubuhi, kabla ya kwenda chuoni, Severa alifuta vumbi kwenye chupa za chai zilizopangwa mbele ya duka la mama yake, mtaa wa Msimbazi. Zilikuwa chupa za mfano, sampo kama wanavyosema wenyewe. Ndani hazikuwa na kioo, maana kioo huvunjika, na mteja wa jumla hanunui kioo. Anatazama rangi, maua na mpini. Akiridhika, Caroline, mama yake Severa, aliinua sauti kidogo akasema, "Stoo," na mzigo wenyewe ukaja ndani ya boksi kutoka chumba cha nyuma, wenye kioo, wenye mfuniko, wenye kila kitu. Kariakoo nzima ilikwenda hivyo. Severa alikulia hapo, kati ya mbele na nyuma, na hakuwahi kuona sampo isiyokuwa na stoo yake.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja cha katikati ya jiji, upande wa Posta. Mradi wake wa kuhitimu ulikuwa programu ya simu kwa ajili ya maduka ya jumla: mwenye duka anaandika kilichoingia na kilichotoka, hata kama mtandao umekatika, na mtandao ukirudi kila kitu kinajipeleka chenyewe. Ilifanya kazi vizuri isipokuwa mahali pamoja. Mtandao ukirudi, programu ilihesabu kitu kimoja mara mbili. Boksi moja la chupa likawa maboksi mawili. Severa alikuwa amelitafuta kosa hilo muhula mzima bila kulipata.

Programu ikishindwa mbele ya jopo la watahini, angerudia mwaka. Na mama yake alikwishasema, mara moja tu, bila kupandisha sauti, kwamba hakuna mwaka wa kurudia. Akishindwa, dukani kuna kazi.

Msimamizi wake alikuwa Daktari Gaudens, mtu mpole aliyevaa miwani yenye kamba. Alilitazama kosa kwa muda, akavua miwani.

"Hili silijui," alisema. "Lakini kuna warsha. Mdhamini wa chuo analeta wataalamu. Kila mwanafunzi atakaa na mtaalamu wake, pamoja na kompyuta nzuri, mpaka programu yake ikae sawa. Wewe nenda tu, Severa. Majina nimeshayapeleka."

Warsha ilifanyika katika ukumbi mkubwa wa chuo. Mlangoni kila mwanafunzi alipewa fulana ya rangi ya chungwa na maji ya kunywa. Ndani, viyoyozi vilikuwa vimefunguliwa mpaka mwisho, na juu ya kila meza ilikuwepo kompyuta mpakato ya rangi ya fedha, yenye nembo ya mdhamini kwenye mgongo. Severa alikaa, akaiinua yake. Ilikuwa nyepesi kama sinia la plastiki. Mahali pa kioo palibandikwa karatasi yenye picha ya ziwa la bluu na mlima ambao haukuwa Kilimanjaro. Vitufe vilibonyea, lakini havikuunganishwa na chochote.

Pembeni yake alikaa Bhoomi, mwanafunzi mwenzake anayeishi Upanga, ambaye baba yake aliuza vitambaa vya mapazia mtaa wa pili kutoka kwa Caroline.

"We Severa," Bhoomi alinong'ona. "Hii si dami?"

"Dami, ya kuonyesha tu. Kama simu za kwenye makabati ya vioo."

"Sasa?"

"Sasa tunasubiri za stoo."

Bhoomi aliitikia kwa kichwa. Na yeye alikuwa mtoto wa duka. Baba yake aliuza mapazia kwa kumwonyesha mteja vipande vya kitambaa vilivyoshonwa pamoja kama kitabu, na hakuna mteja aliyewahi kupiga kelele kwamba dirisha lake haliwezi kufunikwa na kipande cha ukubwa wa kiganja.

Wakasubiri. Afisa wa mdhamini, kijana nadhifu aliyeitwa Filbert, alipanda jukwaani akiwa na kipaza sauti kilichobanwa shavuni.

"Mko tayari kwa kesho?"

"Tupo tayari!"

"Sijasikia!"

Wakarudia kwa nguvu zaidi. Filbert akawaambia kwamba wao ndio kesho. Akawaonyesha filamu fupi ya watu wa nchi isiyotajwa wakitembea ndani ya jengo la vioo. Kisha wakaingia wapiga picha, wengi kuliko Severa alivyowahi kuwaona hata kwenye harusi za Moshi, na wakaanza kupita meza kwa meza.

"Andika kama unaandika," mmoja alimwambia. "Usitazame kamera. Tabasamu kidogo, kama umegundua kitu."

"Sijagundua bado."

"Kidogo tu, dada. Utagundua baadaye."

Severa akaweka vidole juu ya vitufe visivyounganishwa, akafanya sura ya mtu aliyegundua. Mpiga picha aliridhika. Alipohamia meza nyingine, Severa alianza kuchokonoa kona ya ile karatasi ya ziwa kwa ukucha, kama mtu anavyofanya akiwa na mawazo, mpaka kona ya chini upande wa kulia ikabanduka na kujikunja.

Baada ya pilau alinyoosha mkono.

"Samahani, kaka Filbert. Kompyuta zenyewe zinakuja saa ngapi?"

"Zenyewe zipi?"

"Za kufanyia kazi. Na wataalamu."

Filbert alimtazama kwa furaha ya kweli. "Jamani, mnaona? Huyu anauliza. Tunawapenda sana watu wanaouliza. Mpigieni makofi!"

Ukumbi ukampigia makofi. Severa akakaa. Alijaribu kukumbuka kama amejibiwa.

Jioni vijana wa mdhamini walizikusanya zile kompyuta, wakazipanga ndani ya maboksi moja ndani ya nyingine, jambo ambalo kompyuta za kweli haziwezi, wakazipakia kwenye gari. Wanafunzi waliondoka na fulana zao. Severa alibaki kwenye kiti. Hakuwa na hasira. Kariakoo mzigo huchelewa. Kuna siku mteja anakunywa soda mbili kabla boksi halijafika. Alisubiri mpaka mama wa usafi alipoanza kupandisha viti juu ya meza na kumwomba ainue miguu.

Wiki iliyofuata bango lilipandishwa juu ya ghorofa lililotazamana na duka. Lilikuwa kubwa, la turubai gumu, na juu yake alikuwa Severa amevaa fulana ya chungwa, vidole vikiwa kwenye vitufe, akitabasamu kidogo. Chini yake yaliandikwa maneno makubwa: NIMEIJENGA KESHO YANGU. Kwa sababu mpiga picha alisimama mbele ya meza, kilichoonekana cha kompyuta ni mgongo wake tu, wenye nembo.

Wa kwanza kuliona alikuwa Aaron, winga wa pale mtaani, ambaye kazi yake ni kuwadaka wateja barabarani na kuwaleta dukani kana kwamba duka ni lake.

"Injinia!" aliita. "Toka nje, uko juu!"

Severa akatoka. Caroline naye akatoka, akakinga macho kwa mkono, akalitazama bango kwa utulivu kama anavyokagua mzigo unaoshuka.

"Wamekunyoosha nywele," alisema, akarudi ndani.

Siku ya pili yake, Severa alipotoka chuoni, Aaron alimwita pembeni na kumwambia, kwa sauti ile ile anayotumia kutaja bei, kwamba yule wa kwenye bango anaandika.

"Tangu saa ngapi?"

"Ameanza tulipofungua. Mchana akapumzika, akala."

"Akala nini?"

"Sikuona. Aliinamia kule ndani."

Severa akaangalia juu. Ni kweli, vidole vilikwenda. Vilikwenda vizuri, bila papara, vikisimama mahali ambapo mtu husimama kufikiri, kisha vikaendelea. Alizitambua zile kona za mwendo. Ulikuwa mradi wake. Yule alikuwa akiandika sehemu ile ile ya mtandao kurudi, na tofauti na yeye, hakuwa akifuta.

Wateja waliokuja siku zile walitazama juu, wakasema "anajituma huyu binti," wakaendelea kuulizia hotpoti. Bhoomi alikuja dukani akiwa amefunga mkono wa kushoto kwa kitambaa. Naye alikuwa kwenye picha, lakini aliyeitengeneza alimkata. Kilichobaki ukingoni mwa bango ni kiwiko cha kushoto na bangili. Kiwiko hicho kilikuwa kikifanya kazi kutwa nzima, na kila jioni mama yake alimkanda kwa mafuta ya moto.

"Wewe huumwi?" Bhoomi aliuliza.

"Hapana. Hata uchovu sina."

"Basi una bahati."

Severa hakujua kama ni bahati. Kazi yake ilikuwa ikifanyika na yeye hakuchoka. Hilo ndilo aliloshindwa kuliweka mahali pake. Alichotaka kilikuwa kidogo na wazi. Alitaka kukiona kioo cha ile kompyuta. Mistari michache tu ya pale kosa lilipokuwa, akaiandike kwake, aende mbele ya jopo.

Alijaribu kutoka kila upande wa barabara. Alipanda ghorofa la duka la viatu, akaona nembo. Alipanda upande wa pili, akaona nembo kwa mshazari. Mwishowe alimwomba mlinzi wa lile jengo lenye bango, akapanda ngazi mpaka paa, akazunguka nyuma. Nyuma kulikuwa na turubai jeupe, vyuma vilivyoanza kushika kutu, na kunguru waliokwishajenga. Sauti ya vitufe ilisikika, lakini ilitoka upande wa mbele. Severa aligusa turubai mahali alipokadiria kuwa ni mgongo wake mwenyewe. Lilikuwa la moto kwa jua. Vitufe vikanyamaza kidogo, kisha vikaendelea. Alishuka.

"Umeona?" mlinzi aliuliza.

"Kunguru."

"Hao wapo," mlinzi alisema.

Siku chache kabla ya jopo kukaa, Filbert alimpigia simu.

"Dada Severa, hongera sana! Programu imekamilika. Haihesabu tena mara mbili."

Severa alikuwa amesimama kaunta, na chupa mkononi. "Mmejuaje?"

"Tumeona kwenye bango."

"Mmekiona kioo?"

"Tumeona anavyotabasamu. Siku ile alikuwa anatabasamu kidogo. Sasa nenda kamtazame."

Severa akatoka nje na simu sikioni, akatazama. Lilikuwa tabasamu pana, hadi meno ya pembeni.

"Na kuna jambo jingine zuri," Filbert aliendelea. "Uongozi umempa kazi. Ajira kabisa."

"Naanza lini?"

Upande wa pili alikohoa kidogo, kama mtu anayetafuta adabu.

"Ameshaanza," Filbert alisema.

Caroline, aliyekuwa akisikiliza huku akifunga maboksi kwa kamba, aliuliza Filbert amesemaje. Severa akamweleza jinsi ilivyo. Caroline alifunga fundo, akalikaza kwa meno, akakata kamba.

"Kwa hiyo umepata kazi."

"Yule amepata, mama."

"Yule ni nani?"

Severa alifikiri. "Ni mimi."

"Sasa shida iko wapi, mwanangu?"

Lilikuwa swali la haki, na Severa alilibeba kichwani siku zote zilizobaki.

Siku ya jopo alivaa sketi nyeusi, akaenda chuoni na simu iliyokuwa na programu yake, ile yenye kosa. Alikuwa ameamua kusema kweli: inafanya kazi mpaka hapa, kuanzia hapa haifanyi, na nimejaribu hivi na hivi. Wanafunzi wengine waliwahi kwenda na zaidi ya hapo wakafeli. Wengine walikwenda na pungufu ya hapo wakafaulu. Bhoomi aliingia kabla yake na mradi wake wa kupanga zamu za wauguzi. Ulifanya kazi, akapewa alama zake, na juu yake akaongezewa kidogo kwa ajili ya kiwiko.

Jina la Severa halikuitwa. Alisubiri mpaka korido ikabaki tupu, kisha akabisha hodi.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, Severa. Karibu. Hongera."

"Sijawasilisha, Daktari."

Daktari Gaudens aligeuza kompyuta yake ili aone naye. Jina lake lilikuwepo, na mbele yake alama nzuri, nzuri kuliko alizowahi kupata. "Mdhamini alituletea taarifa. Jopo lilikwenda mpaka Msimbazi, tukasimama pale chini, tukamwona. Anaandika vizuri sana. Profesa mmoja alipiga makofi."

"Mlikiona kioo?"

"Kwa pale chini haiwezekani," alisema Daktari Gaudens, kwa namna ya kumkumbusha jambo lililo wazi.

"Kwa hiyo nimefaulu?"

"Severa amefaulu."

"Na mimi?"

Alivua miwani, ikaning'inia kwenye kamba. Alikuwa mtu mwema na swali lilimpa tabu. "Wewe hujawasilisha."

"Basi niwasilishe sasa."

"Severa ameshawasilisha. Namba ya usajili ni moja. Mfumo wa chuo haumpokei mtu mmoja mara mbili. Ukimwingiza tena, unamkataa."

Severa akakaa kwenye kiti cha wageni. Kwa mara ya kwanza tangu muhula uanze alisikia jambo lililomvutia.

"Unamkataa vipi?" aliuliza. "Unajuaje kwamba ni yule yule?"

"Sijui. Ila haujawahi kukosea."

"Nani aliuandika?"

"Mzee mmoja wa hapa hapa. Alistaafu kabla sijaja. Nasikia alirudi kwao."

"Wapi?"

Daktari Gaudens hakujua. Wakaagana vizuri.

Wakati wa mahafali, mafundi wa mdhamini walipanda kule juu na ngazi, wakambandika yule wa kwenye bango joho jeusi na kofia. Severa hakuwa na joho. Majoho yalitolewa kwa namba ya usajili, na la kwake lilikwishachukuliwa. Alisimama nje ya duka na mama yake. Caroline alilipiga picha bango kwa simu, mara nyingi, akimwambia Severa asogee asije akatia kivuli.

Desemba ilipofika walifunga duka kama wenzao wote wa kutoka Kilimanjaro, wakapanda basi kwenda nyumbani. Kule Kibosho, mbuzi alichinjwa kwa ajili ya mhitimu. Simu ya Caroline ilipita mkono hadi mkono, na kila mmoja akakuza picha kwa vidole, akasifu joho. Severa alipita akigawa sahani. Shangazi yake Leticia, ambaye hawakuonana tangu Severa akiwa shule ya msingi, alipokea sahani, akamshukuru, akamwuliza Caroline:

"Na huyu binti mzuri ni nani?"

"Ni huyo huyo," Caroline alisema, akionyesha simu.

"Aha," alisema shangazi Leticia, akaongeza chumvi.

Waliporudi mjini, Severa akafanya kazi dukani. Hakuna aliyemwonea. Alikuwa mzuri kaunta, mwepesi wa hesabu, na wateja walifurahi kuhudumiwa na mtu ambaye pia yuko kwenye bango. Aaron aliwaleta kwa maneno hayo hayo: "Twende kwa injinia, yule pale juu, na yule pale chini." Programu yake aliitumia dukani ilivyo, na kila mtandao uliporudi, alikaa na kufuta kwa mkono kila kilichozidi. Kila asubuhi Caroline alitoka nje, akatazama juu, akasema, "Umeamkaje, mwanangu," kisha akaingia ndani akamwambia maneno hayo hayo yule aliyekuwa akifuta vumbi. Severa aliitikia zamu yake ilipofika.

Mara moja moja aliacha kazi akamtazama mwenzake. Hakumchukia. Alimwona akiandika wakati wa jua na wakati wa vumbi, joho likipauka mabegani, tabasamu likirudi kidogo kidogo kuwa dogo. Alijiuliza anaandika nini tena, kama programu imekwishakamilika. Ilionekana kama mtu anayerudia mstari mmoja.

Masika yalipokaribia, gari la mdhamini likaja. Mafundi walipanda, wakafungua kamba, wakamshusha. Severa alivuka barabara.

"Mnampeleka wapi?"

"Hakuna anakopelekwa. Mkataba wake umeisha," fundi mmoja alisema. "Kuna wapya."

Turubai la bango ni mali Kariakoo. Halipitishi maji, na kila mwenye mzigo hulitaka kabla ya mvua; tangu zamani maboksi ya mtaa ule yamefunikwa kwa sura za watu waliosahaulika, wakinywa soda na kupiga mswaki. Caroline alikuja nyuma ya Severa na chupa ya chai mkononi.

"Hii, na mniachie turubai," alisema.

Fundi aliipokea, akafungua mfuniko, akachungulia. "Mama, hii haina kioo."

"Hiyo sampo, baba. Subiri. Stoo!"

Ikaja yenye kioo, na mkataba mwingine ukaisha hapo. Walimkunja Severa mara nne, wakamvusha barabara begani.

Walimfungulia sakafuni katika chumba cha nyuma, kati ya maboksi. Kwa karibu alikuwa nukta nukta za rangi, na ilibidi Severa apande juu ya boksi ndipo ajione uso. Yule wa kwenye turubai aliacha kuandika. Wakatazamana. Severa alikuwa ameandaa maneno mengi tangu siku ile ya paa, lakini alilouliza lilikuwa fupi.

"Naomba nione."

Yule akakiinua kiganja kutoka kwenye vitufe, akakishika kile kitu cha rangi ya fedha kwa pembe zake, akakigeuza. Kilikuwa chepesi; hakutumia nguvu. Mahali pa kioo palikuwa na ziwa la bluu na mlima ambao haukuwa Kilimanjaro. Kona ya chini upande wa kulia ilikuwa imebanduka na kujikunja.

Severa aliitazama kona ile kwa muda mrefu. Alifikiria jopo lililosimama barabarani, profesa aliyepiga makofi, alama zilizoandikwa mbele ya jina. Alijaribu kuvipanga vitu hivyo kwa mfuatano, kama anavyopanga mistari ya programu, ili aone ni wapi hasa kimoja kilihesabiwa badala ya kingine. Kila alipofika mwisho alijikuta mwanzo.

"Ulikuwa unasubiri za stoo," alimwambia.

Yule aliitikia kwa kichwa. Kisha akaigeuza kompyuta kama ilivyokuwa, nembo mbele, akaanza tena kuandika.

Nje mawingu yalikuwa yamekusanyika. Caroline aliingia akiwa amekunja mikono ya gauni, akashika pembe moja ya turubai.

"Tufunike haraka. Uso ndani au nje?"

"Ndani," Severa alisema. "Asilowe."

Wakazifunika hotpoti na chupa kwa turubai hilo, wakalikandamiza kwa matofali. Bati la stoo lilivuja mahali pale pale linapovuja kila mwaka, lakini safari hii maji hayakugusa mzigo.

Mvua ilipotulia, juu ya ghorofa la mbele kulikuwa na bango jipya lenye maneno yale yale. Chini yake, barabarani, alisimama kijana mwembamba wa fulana ya chungwa, kiatu kikiwa ndani ya dimbwi, ameinua kidevu. Alikaa hivyo mpaka Aaron akachoka kumwita. Ndipo akasogea dukani.

"Dada, mambo."

"Poa. Karibu."

"Asante. Naitwa Dhaval. Yule pale ni mimi." Alisema bila majivuno, kama anavyotaja anwani yake. "Ameanza kuandika mradi wangu leo asubuhi. Unajua njia ya kupanda kule nyuma?"

"Ngazi ziko upande wa duka la viatu. Mwambie mlinzi umetumwa na Severa."

"Na nyuma kuna nini?"

Severa alifuta kaunta iliyokuwa safi.

"Kunguru," alisema.

Dhaval alishukuru, akavuka barabara. Severa alimwona akizungumza na mlinzi, mlinzi akimfungulia. Hapo ndipo mteja mmoja mama, mgeni wa Kariakoo, akachukua chupa nyekundu ya mbele, akaitikisa sikioni.

"Mbona hii ndani tupu?"

"Hiyo sampo, mama. Ni ya kuonyesha tu."

"Na zenyewe ziko wapi?"

Severa aligeukia nyuma, akainua sauti kidogo kama alivyofundishwa.

"Stoo!"

Kule ndani, chini ya turubai, vitufe vilinyamaza kidogo, kisha vikaendelea.